Maoni: Waingereza wanafufua mashini kuukuu za kukata nyasi, je, ufundi wa Kivu nani anauandika?

Kwenye garaje yoyote ya Goma, Bukavu ama Butembo kuna chombo ambacho hakikosekani: kle angleze, ile inayofunguka na kujibana kwa kuzungusha visi yake ndogo. Mafundi wanaishika kila siku bila kujiuliza kwa nini inaitwa ya Kiingereza. Kati ya watu wanaotajwa kuwa waliibuni yuko Edwin Beard Budding, fundi wa eneo la Stroud, magharibi mwa Uingereza, aliyezaliwa mwaka wa 1796. Lakini historia haimkumbuki sana kwa sababu ya kle. Inamkumbuka kwa mashini ambayo wakaaji wengi wa mashariki mwa Congo wangeiona kuwa ya mchezo tu: mashini ya kukata nyasi za bustani, tondezi.

Leo, karibu miaka mia mbili baadaye, kuna watu Uingereza ambao wanatumia jumamosi zao zote kutafuta tondezi za zamani zilizooza kwa kutu, kuzifungua, kuzisafisha na kuzifanya zilie tena. Wana klabu yao, Old Lawnmower Club, iliyoanzishwa mwaka wa 1990. Katika mji wa Southport, kando ya bahari, kuna hata jumba la makumbusho la tondezi peke yake, lenye mashini mamia zilizorudishiwa sura yao ya kwanza.

Mtu anayeamka siku ya salongo na kupe-kupe mkononi anaweza kucheka. Nyasi zinakatwa, basi, za nini kuweka mashini kwenye makumbusho? Kicheko hicho kinaeleweka, lakini kinapita kando ya jambo lenyewe. Wazee hao wa Uingereza hawahifadhi chuma tu. Wanahifadhi ujuzi wa kuifungua mashini na kuifunga tena, na wanauweka mahali ambapo kijana ambaye hajazaliwa ataukuta. Hilo ndilo mafundi wa Kivu, ambao kwa kutengeneza hawana cha kuwaonea wivu Waingereza, bado hawajapata.

Kutoka kwa nguo hadi kwa nyasi

Kabla ya Budding, nyasi za matajiri wa Ulaya zilikatwa na watu kwa mundu mrefu, asubuhi na mapema wakati umande haujakauka. Ilikuwa kazi ya mikono mingi. Budding alikuwa anafanya kazi karibu na viwanda vya kufuma nguo za sufi. Humo mlikuwa na mashini yenye visu vilivyojikunja kuzunguka mhimili, iliyopita juu ya kitambaa na kunyoa nyuzi zilizosimama ili kiwe laini. Budding akaona kwamba kinachonyoa kitambaa kinaweza kunyoa ardhi. Tarehe 31 Agosti 1830 alipata patenti yake. Mwenzake John Ferrabee, mwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma pale Thrupp, ndiye aliyezitengeneza. Moja kati ya zile za kwanza ilitumika kwenye bustani ya wanyama ya Regent's Park, London.

Kifaransa kinaonyesha ujamaa huo kwa neno moja. Mashini ya kunyoa kitambaa inaitwa tondezi, ya kukata nyasi ni tondezi, na ile ya kinyozi wa kartie ni tondezi vilevile.

Mwaka wa 1832 kiwanda cha Ransomes, cha Ipswich, kilipata ruhusa ya kuzitengeneza. Mwaka wa 1893 James Sumner, fundi wa jimbo la Lancashire, alipata patenti ya tondezi inayoendeshwa kwa mvuke. Kampuni iliyozaliwa kutokana na kazi yake ndiyo iliyokuja kuitwa Leyland, ile ya malori na mabasi ambayo wazee wengi wa Afrika waliyapanda. Mwaka wa 1902 Ransomes ikauza tondezi ya esanse. Mwaka wa 1921 ikaja Atco, ya Birmingham, iliyofanya tondezi ya moteri kuwa kitu cha nyumba ya kawaida. Atco haikuuza mashini tu. Ilifungua vituo vya matengenezo huku na huku nchini, na mteja alipeleka mashini yake wakati wa baridi ili irudi tayari kwa msimu wa nyasi.

Historia hiyo inafika hata vijijini vya Afrika. Budding alimalizia maisha yake Dursley, mji mdogo ambako alifanya kazi na George Lister, na akafariki huko mwaka wa 1846. Mtoto wa Lister, Robert Ashton Lister, alianzisha kampuni yake mwaka wa 1867. Kuanzia karibu mwaka wa 1930, kampuni hiyo ilitoa moteri ya mazutu nzito, yenye gurudumu kubwa, inayozunguka polepole. Ndiyo moteri iliyosaga mahindi na mihogo na kupandisha maji katika sehemu nyingi za Afrika na Asia. Hata baada ya Waingereza kuacha kuitengeneza, mafundi wa Rajkot, nchini India, waliendelea kuinakili. Anayesikia mlio wa aina hiyo, tuku-tuku-tuku, kando ya mulini, anasikia mtoto wa mji uleule ambamo baba wa tondezi alizikwa.

Namna moteri iliyokufa inavyofufuka

Kazi ya wakusanyaji hao haina uchawi. Fundi yeyote wa pikipiki wa Kivu angeielewa bila mkalimani.

Mashini inakutwa kwenye banda la marehemu babu, ama kwenye jalala, na moteri imekwama. Kosa la mtu asiyejua ni kuvuta kamba kwa nguvu. Mjuzi anatoa buji kwanza, anamimina mafuta mepesi ndani ya silinda, anaacha siku kadhaa, kisha anajaribu kuzungusha kwa mkono, kidogo kidogo, mbele na nyuma. Ikikubali, anatafuta moto. Anasafisha pointi za manyeto kwa karatasi laini, anaweka buji juu ya chuma cha moteri, anazungusha na kutazama kama cheche inaruka. Baada ya hapo ni kabirateri. Esanse iliyokaa miaka mingi inageuka kuwa kama gundi ya rangi ya kahawia na kuziba vitundu vidogo. Vitundu hivyo havichokolewi ovyo kwa msumari, kwa kuwa kikipanuka kimoja tu, moteri haitakunywa tena kwa kipimo.

Moteri nyingi za tondezi za zamani, hasa zile za Villiers, ya Wolverhampton, zinakunywa esanse iliyochanganywa na mafuta. Kila moja ina kipimo chake. Wanaotumia jenereta ndogo za Tiger wanajua hesabu hiyo: mafuta yakipungua chuma kinakula chuma, yakizidi moshi unajaa nyumba na buji inalowa.

Mwisho ni visu. Tondezi ya Budding inakata kama makasi: visu vinavyozunguka vinapita juu ya kisu kimoja kilichotulia chini. Visu hivyo vinapakwa dawa ya kusugua iliyochanganywa na mafuta na kuzungushwa kinyumenyume mpaka vipatane. Kisha fundi anaweka karatasi kati yao na kuzungusha kwa mkono. Karatasi ikikatika safi kutoka upande mmoja hadi mwingine, kazi imekwisha.

Wakusanyaji wenyewe wana ugomvi ambao haujaisha. Wengine wanapaka rangi upya mpaka mashini ing'ae kuliko siku ilipotoka kiwandani. Wengine wanasema rangi ya zamani, hata kama imebanduka, ni ushahidi: ikifutwa haitarudi. Anayefuta rangi anapaswa angalau kupiga picha kwanza na kuandika alichokikuta. Katika ugomvi huo, wa pili wana haki. Mashini inayong'aa inapendeza macho, lakini ile yenye alama za mikono inaeleza ilivyotumika.

Kiwanda kinakufa, karatasi inabaki

Kampuni iliyotengeneza mashini haidumu milele, na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Villiers, ambayo moteri zake ziliendesha pikipiki, pampu na tondezi, haipo tena kama kiwanda. Hata majitu yanayumba. Briggs & Stratton, ya Milwaukee, Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1908 na ambayo moteri zake ndogo zimeenea dunia nzima, iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni mnamo Julai 2020, kisha ikauzwa.

Kiwanda kinapofunga milango, nani anabaki akijua kipimo cha pengo la pointi, ama mchanganyiko wa mafuta wa mashini ya mwaka wa 1935? Kwa mashini nyingi za zamani, wanaojua ni wale waliokusanya vitabu vya maelezo, orodha za piesi, matangazo ya magazeti na karatasi za patenti. Jumba la Southport halikusanyi mashini peke yake, linakusanya pia karatasi zake. Wanaklabu wananakiliana vitabu na kujibizana maswali. Mjane anayekuta mashini ya marehemu mumewe anaweza kuuliza namba iliyochongwa kwenye chuma ina maana gani, na akajibiwa.

Na si lazima mashini iwe ya mtu mkubwa. Huko Australia, mwaka wa 1952, Mervyn Victor Richardson alitengeneza nyuma ya nyumba yake, mjini Sydney, tondezi nyepesi yenye kisu kinachozunguka chini kama feni. Alichukua moteri ya Villiers akailaza ubavu, na kwa tanki la esanse akatumia mkebe wa matunda. Mashini hiyo ilizaa jina la Victa, na mwaka wa 2000 tondezi za Victa zilionyeshwa mbele ya dunia wakati wa kufungua michezo ya Olimpiki ya Sydney. Mkebe wa matunda! Ni fundi gani wa Goma asiyewahi kuokoa kazi kwa mkebe? Tofauti ni kwamba mkebe wa Sydney uliandikwa kwenye historia, na ule wa Goma unaishia jalalani.

Wenye kupinga nao wasikilizwe

Kuna wanaosema hayo yote ni mapenzi ya watu walioshiba. Wana sehemu ya ukweli. Bustani ya nyasi yenyewe ilizaliwa kama fahari ya matajiri waliotaka kuonyesha kwamba wana ardhi wasiyohitaji kulima. Afrika iliijulia kwenye makazi ya wakoloni, ambako Mwafrika ndiye aliyesukuma mashini na muzungu ndiye aliyekaa kivulini. Hakuna sababu ya kuisifu.

Wengine wanataja hewa. Moteri ndogo zinachafua kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Wakuu wa mazingira wa California walikadiria kwamba saa moja ya tondezi kubwa ya kazi inatoa uchafu wa kufanya moshi wa mjini sawa na gari jipya dogo linalotembea maili 300, yaani karibu kilomita 480. Mnamo Oktoba 2021 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kusimamisha uuzaji wa moteri ndogo mpya za aina hiyo kuanzia 2024. Hoja hiyo ni nzito. Lakini mashini ya makumbusho inayowashwa mara mbili kwa mwaka siyo inayoharibu hewa ya mji. Inayoharibu ni ile mpya na ya bei ndogo, inayotupwa baada ya misimu miwili kwa sababu hakuna anayeweza kuifungua.

Ufaransa imelitambua hilo. Tangu tarehe 1 Januari 2021, tondezi za umeme ni kati ya vyombo vitano vya kwanza vilivyolazimishwa kuonyesha dukani alama, juu ya 10, ya urahisi wa kutengenezwa, pamoja na simu, tarakilishi za kubeba, televizioni na mashini za kufulia. Wanapima kama kitabu cha maelezo kinapatikana, kama chombo kinafunguka, kama piesi zipo na kwa bei gani. Maswali hayo ndiyo ambayo wakusanyaji wa tondezi kuukuu waliyauliza miaka mingi kabla ya serikali yoyote.

Kivu ina mafundi, haina daftari

Mashariki mwa Congo kutengeneza si burudani ya jumamosi, ni maisha. Pikipiki, jenereta, mashini ya kusaga, pampu, redio, vyote vinaingia vikiwa vimetumika ama vikiwa vya bei ya chini, na vyote vinadumu kwa sababu kuna kijana chini ya hema la plastiki anayejua kuvirudisha. Piesi ikikosekana, anaichonga. Kitabu cha mashini kikiwa cha Kichina, hakisomi, anasikiliza moteri.

Uwezo huo ni mali. Lakini ni mali inayokaa kichwani tu. Mwanafunzi anajifunza kwa kumtazama mkubwa wake. Mkubwa akifa, ama akihama, ama garaje ikivunjwa, yale ambayo mwanafunzi hakuwahi kuyaona yanapotea moja kwa moja. Katika sehemu ambako watu wamelazimika kukimbia mara nyingi hivi, hatari hiyo si ya kufikirika. Fundi anayekimbia hawezi kubeba mulini mgongoni. Anaondoka na anachojua, na kama hakikuandikwa, kinaishi muda ule tu anaoishi yeye.

Mtu atauliza: watu wanatafuta chakula na usalama, nani ana nafasi ya kufikiria moteri za zamani? Swali ni la haki, na jibu lake liko ndani ya mulini. Mashini ya kusaga inapokufa kijijini na hakuna anayeijua, mama anarudia kinu ama anatembea mbali na mzigo kichwani. Ujuzi wa moteri ya zamani ni unga wa kesho asubuhi.

Goma imeshaonyesha kwamba inajua kuheshimu chombo cha kazi. Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, iliyobuniwa na watu wa Kivu wenyewe na kubeba makaa, viazi na kabeji kwa miaka mingi, imesimamishiwa sanamu kubwa katikati ya mji. Wageni wanapiga picha mbele yake. Ni jambo jema, ila sanamu inaonyesha umbo tu. Haielezi ni mti gani unaofaa kwa gurudumu, namna mpira unavyopigiliwa, ama breki inavyofungwa ili mtu asife kwenye mteremko. Mambo hayo yangali kwenye vichwa vya waliozichonga, na baadhi yao ni wazee.

Makumbusho ya mamilioni ya dola hayahitajiki. Klabu ya Waingereza ilianza na watu wenye mapenzi na karatasi. Kila garaje inaweza kuwa na daftari moja: aina ya mashini, namba yake, ugonjwa uliokutwa, kilichofanywa, piesi gani ya mashini nyingine iliyokubali kuingia. Simu inayopiga picha za harusi inaweza kupiga picha ya kabirateri iliyofunguliwa, hatua kwa hatua. Shule za ufundi zinaweza kumwomba kila mwanafunzi, badala ya TFC iliyonakiliwa kwa mwenzake wa mwaka jana, akae na fundi mzee mmoja na kuandika mashini moja tu, kutoka visi ya kwanza hadi ya mwisho. Baada ya miaka kumi kungekuwa na maktaba.

Na iandikwe kwa Kiswahili. Ufundi wa Kivu unasemwa kwa Kiswahili kila siku, umechanganywa na majina ya Kifaransa yaliyokwisha kuwa ya wenyeji: buji, kabirateri, pisto, kle. Vitabu vinavyofika na mashini ni vya Kichina na Kiingereza. Pengo kati ya lugha ya mkono na lugha ya karatasi ndilo linalofanya ujuzi wa hapa uonekane si kitu, hata machoni pa wenye nao.

Budding hakutajirika sana na tondezi yake. Angesahauliwa kama mafundi wengi wa wakati wake, isipokuwa patenti iliandikwa, mashini chache zilibaki, na watu wasiomjua walikubali kuchafua mikono yao ili ziendelee kuzunguka. Mwanafunzi wa garaje anayeshika kle angleze kesho asubuhi, atafute pia kalamu, na kabla jua halijazama amwulize mkubwa wake jambo moja ambalo bado hajamwonyesha.